MREJESHO: Lile yungiyungi jekundu lililogoma kuchanua

Wakuu, niliwauliza kuhusu Scadoxus multiflorus, lile ua jekundu la duara la mwanzo wa mvua: mbona langu linatoa majani tu, na je, kitunguu chake ni dawa ya vidonda?

Aliyesema nisimwagilie kiangazi chote na shingo ya kitunguu iwe usawa wa udongo, asante sana. Vuli ilipoanza, bua lenye madoadoa likachomoza chini ya mwembe, likabeba ua kubwa kuliko chungwa. Vitunguu nilivyopanda kwenye ndoo vimeoza vyote, udongo ule wa mfinyanzi haupitishi maji.

Dawa nimeachana nayo. Likorini, sumu iliyomo kwenye kitunguu hicho, inatapisha na kuharisha, na kitunguu chenyewe kimetumika kutengenezea sumu ya mishale! Mbuzi nao nimewazungushia uzio wasije wakakila.