Mpunga wenye OsPT8 iliyozidishwa: mbona ncha za majani zinakauka?

MbeguBora: Wakuu, salaam. Mpunga wa aina ya Nipponbare umeongezewa jeni ya OsPT8, inayosafirisha fosfeti, kwa promota (swichi inayowasha jeni) ya ubikwitini ya mahindi. Lengo ni kupunguza mbolea ya kupandia. Kwenye maji yenye fosfeti mikromoli 300 kwa lita, miche imedumaa, machipukizi ni machache, na ncha za majani ya zamani zinakauka. Ni potasiamu imepungua?

Mizizi_Chini: Hapana mkuu, hiyo fosfeti imezidi ndani ya mmea. Kwa macho utachanganya, maana upungufu wa potasiamu nao huanzia ncha na kingo za majani ya zamani. Pima: saga jani bichi, chuja, tumia kitendanishi cha molibdeti kinachogeuka buluu, ulinganishe na Nipponbare ya kawaida.

Chanzo ni hiki. Fosfeti ikitosha, kimeng'enya CK2 hubandika fosfeti kwenye protini ya OsPT8, nayo hukwama ndani ya seli bila kufika kwenye utando wa nje. Promota yako inazalisha protini nyingi kiasi kwamba breki hiyo inalemewa. Otesha pia kwa fosfeti kidogo, mikromoli 10 kwa lita, pH 5.5, ulinganishe. Chombo kiwe kikubwa na maji yabadilishwe mara kwa mara, la sivyo miche itamaliza fosfeti mapema na utakuwa unapima sifuri.

UdongoMwekundu: Hata ikifaulu kwenye maji, shambani ni jambo jingine. Udongo mwekundu wenye asidi hushika fosfeti kwa chuma na alumini, na kidogo kilicho huru husogea milimita chache tu. Kuongeza visafirishi hapo ni kuongeza milango kwenye ghala tupu. Kinachosaidia ni mizizi mingi mapema. Jeni ya PSTOL1, iliyotangazwa 2012 kutoka mpunga wa Kasalath, hufanya hivyo. Si kisafirishi, na Nipponbare haina. Usisahau kuvu wa mikoriza, wanaoishi ndani ya mizizi: jeni nyingine ya kisafirishi, OsPT11, huwaka kwenye seli zilizowapokea tu.

MbeguBora: Basi niizime OsPT8?

Mizizi_Chini: Usiizime kabisa, punje hazitajaa vizuri. Chagua mistari (koo za mimea yako) yenye nakala moja ya jeni iliyoongezwa na inayoisoma kwa kiwango cha wastani, si cha juu kuliko yote. Kulinganisha, tumia ndugu zake wasiorithi jeni iliyoongezwa kwenye kizazi cha pili. Nipponbare ambayo haikupitia maabara ya kukuza tishu kama mimea yako haitoshi.