Massacre: ni idadi ya waliouawa, au namna walivyouawa?

Kuna hoja inayorudiwa mara kwa mara kwamba neno la Kiingereza massacre halifai wanapouawa watu wanne au watano tu, mpaka wafike makumi. Mimi naipinga. Nadhani sisi wa Kiswahili tunaikubali upesi kwa sababu ya tafsiri yetu: tunasema "mauaji ya halaiki", na halaiki ni umati. Hesabu imeshaingia kabla hatujaanza kubishana.

Massacre lenyewe halina hesabu. Waingereza walilichukua kwa Wafaransa, na katika Kifaransa cha kale lilihusiana na machinjio. Uzito wake, kwangu, uko hapo: anayeuawa hana namna ya kujitetea. Wala sheria haikuliwekea kiwango. Genocide, yaani mauaji ya kimbari, lilipewa maana na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1948, hili halikupewa.

Tazameni Somme, Ufaransa, 1 Julai 1916. Wanajeshi wa Uingereza zaidi ya 19,000 walikufa siku moja, na bado jina lake ni mapigano ya Somme, maana pande zote mbili zilikuwa na bunduki. Kisha Sharpeville, Afrika Kusini, 21 Machi 1960: polisi waliwafyatulia risasi watu waliokuwa wakipinga sheria za pasi, zilizowalazimisha Waafrika kutembea na vitambulisho, wakaua 69, wengi wakipigwa risasi za mgongoni huku wakikimbia. Hilo ndilo massacre. Mgongo wa mtu anayekimbia unatosha kunishawishi kuliko ile 69.

Wapinzani hupenda kuleta tukio liitwalo Boston Massacre, katika mji wa Boston, Marekani, uliokuwa bado chini ya Uingereza, 5 Machi 1770, askari wa Uingereza walipoua watu 5. Hapo nakubaliana nao kwamba jina lilikuzwa, ila si kwa sababu ya hiyo tano. Umati ulikuwa ukiwarushia askari mabonge ya theluji na vijiti, na mahakama iliwaachia huru sita kati ya wanane. Wawili wakatiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia. Waliolieneza jina hilo walitaka kuamsha hasira dhidi ya utawala wa Uingereza, na walifaulu.

Basi mnaoshikilia idadi, itajeni: ni wangapi, na nani aliyeipanga? Na familia ya watu wanne ikiuawa usingizini, mtaiita nini kwa Kiingereza?