Yule bwana wa video kasoma swali langu la RAM mubashara, kacheka, kaniambia "Mzee, kapumzike"

Bisibisi (mleta uzi)

Wakuu, nimepandwa na hasira mpaka kibodi inalia. Mkiona herufi zimerukwa mjue ni vidole vinatetemeka.

Yule bwana. Simtaji na hakuna haja, nyote mnamjua. Yule wa taa za zambarau ukutani, ambaye kila simu inayotoka kwake ni mapinduzi na kila laptopu haijawahi kutokea tangu dunia iumbwe. Leo alikuwa mubashara anaisifia laptopu mpya, nyembamba kiasi kwamba ukiisimamisha ubavu unanyolea ndevu. Saa nzima anakipapasa kifuniko. Saa nzima! Nikamwandikia swali moja tu, kwa adabu zote, kuhusu RAM (kumbukumbu ambayo mashine inafanyia kazi) na SSD (diski ya kuhifadhia mafaili): "Ndugu, RAM yake inaongezeka au imelehemewa kwenye bodi? Na SSD inatoka?"

Akalisoma kwa sauti. Akanyamaza. Akaitazama kamera. AKACHEKA. Mwenzake pale pembeni naye akacheka. Kisha akasema: "Mzee, kapumzike."

Akapita. Swali lililofuata lilikuwa la mtu anayetaka kujua kama inakuja na rangi ya waridi. Hilo akalijibu! Akalijibu kwa kina, akaigeuza mashine kwenye mwanga, akaeleza waridi ya mwaka huu imetofautiana vipi na waridi ya mwaka jana. Waridi ikapewa mhadhara wa chuo kikuu, RAM ikapewa kicheko.

Mimi nimetoka kwenye DOS, mfumo wa kabla ya Windows, ndugu zangu. Mimi ni wa kuhamisha madereva (programu ndogo za kuendesha vifaa) kwenda kumbukumbu ya juu mstari kwa mstari ndani ya faili la CONFIG.SYS ili ndani ya zile kilobaiti 640 za kumbukumbu ipatikane nafasi ya programu kuwaka. Mimi ni wa SET BLASTER=A220 I5 D1, na ukikosea namba moja hapo kadi ya sauti inakaa bubu. Windows 95 niliiweka kwa flopi, diski 13, na ile ya 11 ikisoma vibaya unaanza upya. Hakuna aliyetucheka. Tuliuliza na tukajibiwa!

Na tulijibiwa na nani? Na waandishi wa habari za kompyuta, kazi ileile anayojidai kuifanya huyu. Jarida la BYTE lilianza mwaka 1975, na ndani yake ulikuta michoro ya saketi ujenge mwenyewe. Majarida mengine yalichapisha programu nzima za lugha ya BASIC, kurasa kwa kurasa, unakaa unaandika mstari baada ya mstari, na yalikupa kiprogramu kidogo cha kukagua kila mstari kama umeuandika sawasawa. Mwandishi wa zama hizo alikuchukulia kuwa una akili. Huyu wa leo anasoma karatasi aliyopewa na aliyemletea boksi, halafu ukimuuliza kilichomo ndani ya boksi anakutuma ukapumzike.

Kapumzike! Alinyamaza kwanza, mnaelewa? Kile kimya ndicho kinachoniua. Mtu aliyeteleza ulimi hanyamazi kwanza. Alipima, akachagua, akacheka.

---

Zege64

Nilikuwepo mubashara, nathibitisha kila neno. Kile kicheko hata mimi kilinichoma, na sikuwa nimeuliza mimi. Halafu mleta uzi amesahau kusema kwamba jibu la swali lake halikutolewa mpaka kipindi kimeisha. Mpaka sasa hatujui kama RAM inaongezeka.

Kwa vijana mnaosoma hapa: Apple II ya mwaka 1977 kifuniko chake kilinyanyuka kwa mikono mitupu, ndani kuna nafasi 8 za kuchomeka kadi. IBM PC ilipotoka mwaka 1981, kitabu chake cha ufundi kilikuwa na michoro ya saketi na BIOS yote, ile programu ya kuwashia mashine, imechapishwa humo. Kampuni yenyewe ndiyo iliyokuonyesha! Leo hata skrubu zinafichwa chini ya miguu ya mpira iliyobandikwa kwa gundi.

---

Kijana_wa_Wingu

Pole mkuu, lakini mbona alichosema ni kweli? Nani anaongeza RAM zama hizi? Mashine ikichoka unauza, unachukua nyingine. Uliuliza swali la mwaka 1998 ukajibiwa kama mtu wa mwaka 1998. Kapumzike.

---

Bisibisi

Ukiuza, anayenunua ananunua nini? Mashine iliyochoka! Unamtupia mwenzako mzigo halafu unasema umetatua tatizo. RAM ikiharibika chipu moja, moja tu, bodi yote inakwenda na maji, na kama SSD nayo imegandishwa humohumo basi na picha za watoto wako zimezama nayo. Unalijua hilo? Yeye analijua. Ndiyo maana alinyamaza kabla ya kucheka.

---

FundiLehemu

Wakuu, tuwe wakweli kidogo. Mimi kazi yangu ni kufungua hivi vitu. RAM ya LPDDR, ile ya laptopu nyembamba na simu, hailehemewi kwa roho mbaya tu. Inafanya kazi kwa volti ndogo na kasi kubwa, na njia kutoka kwenye chipu hadi kwenye prosesa lazima ziwe fupi, la sivyo ishara zinachafuka. Zile nafasi za kawaida za kuchomeka RAM, SO-DIMM, zinarefusha njia. Betri inadumu zaidi kwa sababu ya hilo.

Na kuongeza inawezekana, ila si kwa bisibisi. Unaichoma kwa hewa ya moto, unanyanyua chipu, unasafisha risasi ya zamani, unapanga vipira vipya vya risasi vidogo kuliko mbegu ya haradali, unalaza chipu kubwa zaidi. Hapo bado. Kwenye bodi nyingi kuna rezista ndogo zinazoiambia mashine imefungwa RAM ya aina gani, nazo unazihamisha moja moja chini ya hadubini. Usipozihamisha, mashine haiwaki, au inawaka ikiona kiasi kilekile cha zamani.

---

Bisibisi

FundiLehemu nakuheshimu, lakini hilo jibu lako limekufa mwaka 2024. Zimetoka laptopu zenye LPCAMM2, ambayo ni LPDDR hiyohiyo ya kizazi kipya (LPDDR5X), kasi inayokaribiana, ila imekaa kwenye kipande kinachokazwa kwa skrubu. Kampuni ya Framework tangu 2021 wanauza laptopu unayofungua mwenyewe, na kila kipande kina maelezo yake. Kwa hiyo inawezekana! Na ona sasa, wewe umenijibu kwa aya mbili za maana bure kabisa. Yeye mwenye taa za zambarau na watazamaji wasiohesabika alishindwa kusema maneno mawili, "imelehemewa, ndugu". Maneno mawili! Badala yake akatafuta mawili mengine ya kunidhalilisha.

---

DadaPikseli

Naunga mkono hoja, ila nyie mnalilia RAM wakati wengine tumeibiwa maktaba. Mimi filamu nilizinunua, sikukodi, kitufe kilisema NUNUA. Siku moja nafungua nakuta nusu hazipo, na ujumbe wa heshima kwamba "haki za usambazaji zimebadilika". Kampuni mnaijua. Haki zimebadilika na pesa zangu je, zimebadilika?

Wala si jambo jipya. Mwaka 2009 Amazon waliingia kwenye Kindle za watu, vile vifaa vyao vya kusomea vitabu, wakafuta vitabu vya George Orwell vilivyokwisha kulipiwa, kwa sababu aliyeviweka dukani hakuwa na haki navyo. Wakarudisha pesa na mkuu wao wa wakati huo, Jeff Bezos, akaomba radhi, sawa, lakini watu waliamka asubuhi rafu ya vitabu ina pengo. Microsoft walipofunga duka lao la vitabu mwaka 2019, vitabu vyote viliacha kufunguka. Pesa ilirudi, vitabu havikurudi. Tangu hapo kitu nisichokuwa na faili lake kwenye diski yangu nakihesabu si changu.

---

Kijana_wa_Wingu

Dada, hakuna anayetazama filamu mara mbili.

---

DadaPikseli

Hebu rudia hiyo sentensi polepole halafu uifute mwenyewe.

---

MtuWaTerminali

Filamu tu? Mimi nina kompyuta ya mezani, prosesa nzima, RAM tele, SSD mpya, haina kikohozi. Tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 ikaishiwa msaada wa kawaida, naambiwa nihamie 11, na 11 inanikataa mlangoni kwa sababu prosesa haimo kwenye orodha yao na TPM 2.0, chipu ya usalama, haipo. Mashine nzima inatangazwa marehemu na karatasi! Nimeweka Linux, mfumo wa bure badala ya Windows, imewaka mara ya kwanza, hata Wi-Fi. Sasa hivi inaruka.

Hilo ndilo yule bwana angetengenezea video. Lakini hatatengeneza, maana Linux haimletei boksi.

---

Mchana_Kweupe

Kila uzi lazima mtu wa Linux apite. Kila uzi!

---

WinoUmekwisha

Wakuu mnaongelea RAM, filamu, Windows. Kuna mtu hapa amewahi kumiliki PRINTA?

Nataka kuchapa barua. Nyeusi tupu, hakuna picha. Printa inakataa kwa sababu wino wa SAMAWATI umekwisha. Barua ni nyeusi! Nimeweka katriji ya mtu mwingine yenye wino umejaa pomoni, printa ikasoma ile chipu yake ndogo ikasema haiitambui, na jana ilikuwa inaitambua. Usiku ilijisasisha yenyewe. Nimelala na printa inayofanya kazi, nimeamka na sanduku.

---

Zege64

WinoUmekwisha umenigusa penye donda. Yangu inakataa hata KUSKANI wino ukiisha. Kuskani! Wino unaingiaje kwenye kuskani?

---

FundiLehemu

Nyingi za wino huunyunyiza pia kwenye kusafisha vichwa, kila unapoiwasha. Ule wino unaingia kwenye sponji iliyofichwa chini, na printa inahesabu. Hesabu ikifika kiwango, inajifunga na kusema imefika mwisho wa maisha yake. Sponji unaweza kuibadilisha, lakini ile hesabu unahitaji programu ya kuirudisha sifuri. Nazipokea sana hizo, zimebebwa kama maiti, na hazina ugonjwa wowote.

---

Mchana_Kweupe

Na zile za leza za rangi nyingi huweka vidoti vya njano kwenye kila karatasi, huvioni kwa macho. EFF, watetezi wa haki za mtandaoni, walivifumbua mwaka 2005 kwenye printa za Xerox DocuColor: tarehe, saa na namba ya mashine. Yaani inakupeleleza na bado haichapi barua ya WinoUmekwisha.

---

DadaPikseli

Vidoti vya njano?? Kwa hiyo ndiyo maana njano huisha haraka?

---

FundiLehemu

Hapana dada, vidoti vyenyewe ni vidogo mno. Njano inaisha kwa sababu nyingine.

---

Bisibisi

Jamani turudi kwenye mada. Nimeirudia ile video sasa hivi. Kabla hajacheka anamtazama mwenzake kwa jicho la pembeni, kama anaomba ruhusa. Yaani lilikuwa jambo la kupangwa! Naomba kila mtu hapa aende akaulize chini ya video yake: RAM inaongezeka au haiongezeki? Swali hilohilo, neno kwa neno. Atucheke wote.

---

Kijana_wa_Wingu

Nimeenda. Nimeuliza. Kumbe waridi ipo kweli, na ni nzuri.

---

Bisibisi

Wewe usiniudhi.

---

Zege64

Mimi nimeuliza lile la RAM, mkuu. Wamelifuta.

---

Bisibisi

WAMELIFUTA! Mnaona? MNAONA? Mtu mwenye jibu hafuti swali!

---

WinoUmekwisha

Samahani mleta uzi, nitaharakisha. Wajuzi, nimefanikiwa kuirudisha programu ya zamani ya printa, katriji sasa inaikubali. Lakini kwenye kompyuta imejiorodhesha mara tatu, "nakala 1", "nakala 2" na yenyewe, na zote zinasema haipo mtandaoni. Nachagua ipi?

---

MtuWaTerminali

Ukiwa na Linux usingeuliza hilo.

---

Mchana_Kweupe

Nilijua tu utasema.

---

FundiLehemu

Zifute zote tatu. Simamisha huduma inayoitwa Print Spooler (ndiyo inayopanga foleni ya kuchapa), ingia C:\Windows\System32\spool\PRINTERS, futa kila faili lililomo, washa huduma tena, kisha iongeze printa upya. Usiguse folda yenyewe, faili tu.

---

WinoUmekwisha

Imechapa!!! Barua imetoka! Ila imetoka nakala tisa, nadhani ni zile nilizobonyeza tangu asubuhi.

---

DadaPikseli

FundiLehemu, na yangu inayovuta karatasi tatu kwa mpigo, hiyo nayo ni huduma gani nasimamisha?

---

FundiLehemu

Hiyo si programu, dada. Ni mpira wa kuvutia karatasi umechakaa au umeshika vumbi. Fungua trei, ufute kwa kitambaa chenye maji kidogo, uuache ukauke. Na karatasi zipepee kabla ya kuzipanga. Ni modeli gani?