Mzee ana Parkinson: je, mkanda wa umeme wa kichwani ni tiba?

Binti Mzee, Mbale
Ndugu zangu, baba yangu ana ugonjwa wa Parkinson, na kwa muda mrefu dawa yake ya levodopa ilimtosha. Siku hizi, dozi inayofuata inapokaribia, mkono wake wa kulia hutetemeka hata chai humwagika kabla kikombe hakijafika mdomoni. Mfanyabiashara mmoja anatuuzia mkanda wa kuvaa kichwani unaopitisha umeme hafifu, akidai ndiyo tiba ile ile wanayopewa wagonjwa wa Ulaya. Je, ni kweli?

Muuguzi, Jinja
Pole sana, dada, na umsalimie mzee. Si tiba ile ile hata kidogo. Mikanda ya aina hiyo kwa kawaida hupitisha mkondo wa miliampea 1 au 2, na sehemu kubwa huishia kwenye ngozi na fuvu. Watafiti bado wanaichunguza, lakini haijathibitishwa kutibu Parkinson. Tiba ya Ulaya, ambayo Profesa Alim-Louis Benabid na wenzake waliianzisha Grenoble, Ufaransa, mwaka 1987, ni upasuaji: nyaya nyembamba huingizwa ndani kabisa ya ubongo, kwenye sehemu zinazoongoza mwendo wa mwili, kisha huunganishwa na betri iliyofukiwa chini ya ngozi ya kifua, ambayo hutuma mapigo ya umeme zaidi ya 100 kwa sekunde. Humfaa hasa mgonjwa ambaye levodopa bado inamsaidia ila nguvu ya dawa hukatika mapema. Hutuliza dalili, ugonjwa wenyewe hubaki.

Fundi wa vifaa tiba, Kampala
Mkifikiria kumpeleka India kwa upasuaji huo, ulizeni kwanza ni nani atakayerekebisha mapigo hayo mkisharudi nyumbani, kwa sababu mipangilio hubadilishwa mara kwa mara katika miezi ya mwanzo, na betri ya aina isiyoweza kuchajiwa hubadilishwa kwa upasuaji mwingine baada ya miaka michache. Kwangu mimi swali hili ni zito kuliko bei. Ipo pia njia ya mawimbi ya sauti yanayokusanywa mahali pamoja ndani ya ubongo ili kuunguza sehemu ndogo, bila kupasua fuvu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2016 kwa aina nyingine ya mtetemeko. Haiachi kifaa mwilini, lakini sehemu iliyounguzwa hairudi.

Muuguzi, Jinja
Kabla ya yote hayo, dada, mwombeni daktari wake apitie upya saa za dozi, na mumweleze daktari huyo vyakula ambavyo mzee hula anapomeza dawa, kwani nyama au maharagwe mengi huweza kuzuia levodopa isifyonzwe vizuri. Msibadilishe dozi wenyewe, na fedha za mkanda ziwe nauli ya kwenda kliniki.