Kijana wangu ananyamaza katikati ya Nasadiki, naombeni ushauri

Shangazi Mlezi (mleta uzi)

Tumsifu Yesu Kristo. Na kwa ndugu zangu Waislamu na wengine wote, habari za jioni.

Nina mtoto wa marehemu kaka yangu, nimemlea tangu akiwa darasa la tatu, sasa yuko chuo mwaka wa pili. Ni mtulivu, hajawahi kunivunjia heshima hata siku moja. Likizo hii tumekwenda Misa pamoja Jumapili tatu. Kila tukifika kwenye Nasadiki, lile ungamo letu la imani, anaanza vizuri na watu wote, lakini tukifika "mwenye umungu mmoja na Baba" anafunga mdomo. Anaungana nasi tena kwenye "akateswa, akafa, akazikwa". Jumapili ya kwanza nilidhani koo limemkauka. Ya tatu nikamuuliza tukiwa njiani kurudi nyumbani.

Akaniambia, "Shangazi, siwezi kusimama kanisani nikasema nisichokiamini." Anasema Wakristo wa kwanza walimjua Yesu kuwa mwalimu na nabii basi, na kwamba Utatu ulitungwa mwaka 325 kwenye Mtaguso wa Nisea: Kaisari Konstantino akakusanya maaskofu, wakapiga kura, Yesu akafanywa Mungu. Kwenye simu yake ameandika majina: Ario, Yustino, Origene, Tertuliani.

Mimi ni katekista wa watoto wa Komunyo ya Kwanza, mwaka wa kumi na nne huu. Nikampa mfano ninaowapa watoto, wa mafiga matatu na chungu kimoja. Akanijibu kwa upole kabisa kwamba mafiga matatu ni mawe matatu. Nikakosa la kusema.

Sitaki kumshurutisha, wala sitaki kumjibu uongo ili nishinde. Anayoyasema yana ukweli gani? Na nianzie wapi?

Kibatari

Shikamoo shangazi. Mimi nimesoma historia ya Kanisa na bado naisoma kila nikipata nafasi. Nianze na hilo la nabii tu, maana ndilo lililo mbali zaidi na ushahidi.

Karibu mwaka 112, Plinius Mdogo alikuwa gavana wa Kirumi wa Bithinia na Ponto, kaskazini mwa Uturuki ya leo. Wakristo walikuwa wanamsumbua kichwa, akamwandikia Kaisari Trajan kuomba maelekezo. Alikwisha kuwahoji, na wanawake wawili watumwa waliokuwa wahudumu wa kanisa aliwatesa ili waseme. Alichokipata ni kwamba watu hawa hukutana kabla ya mapambazuko siku maalumu, na humwimbia Kristo "kama mungu". Huyo ni mpagani anayewaona wajinga, hana sababu ya kuipamba imani yao. Na Nisea ilikuwa mji wa Bithinia hiyohiyo. Yaani wimbo huo uliimbwa katika jimbo lile miaka mia mbili na zaidi kabla maaskofu hawajakanyaga pale.

Miaka hiyohiyo Ignasi, askofu wa Antiokia, anapelekwa Roma kuuawa, na njiani anaandika barua ambazo ndani yake anamwita Yesu "Mungu wetu" bila kufafanua, kama mtu anayetumia neno ambalo wasomaji wake wamelizoea. Na mwaka 2005 huko Megido, Israeli, ilifukuliwa sakafu ya ukumbi wa sala ambayo wachimbaji wanaikadiria kuwa ya karibu mwaka 230. Kuna maandishi ya vijiwe ya mama mmoja, Akeptous, aliyetoa meza "kwa Mungu Yesu Kristo". Huyo mama hakumsubiri Konstantino.

Kabla ya hao wote kuna Paulo. Wafilipi 2 inasema Kristo "alikuwa yuna namna ya Mungu", na wataalamu wengi wanaona kwamba Paulo ananukuu pale utenzi uliokuwa ukitumika tayari makanisani. Tuko miaka thelathini hivi tu baada ya msalaba.

Sasa Nisea. Ni kweli Konstantino aliitisha, na ni kweli alitaka amani ya dola yake. Lakini mwisho wa mkutano waliokataa kutia saini walikuwa maaskofu wawili, wote wa Libia, wakafukuzwa pamoja na Ario, padri aliyefundisha kwamba Mwana ana mwanzo. Halafu angalia ungamo lenyewe la mwaka 325 linavyosema juu ya Roho: "Na kwa Roho Mtakatifu." Nukta. Maelezo marefu mnayosali Jumapili yanatokana na Mtaguso wa Konstantinopoli wa 381. Kwa hiyo Utatu wote haungeweza kutungwa Nisea hata kama mtu angetaka.

Kingine mwambie hivi: Konstantino alibatizwa mwaka 337 akikaribia kufa, na aliyembatiza ni Eusebi wa Nikomedia, rafiki wa Ario. Mwanawe Konstansio wa Pili akawapiga vita waliotetea Nisea. Atanasi, askofu wa Aleksandria na mtetezi wa Nisea, alifukuzwa kiti chake mara tano, jumla ya miaka 17 hivi. Kama ingekuwa imani ya makaisari, wasingeipiga wao wenyewe miaka yote ile.

Msomaji Huru

Kibatari amesema kweli, lakini ukimpelekea kijana hayo peke yake atakurudishia majina yaliyo kwenye simu yake, na hapo atakuwa na haki.

Yustino, mfiadini aliyeuawa Roma karibu mwaka 165, anamwita Neno, yaani Mwana, "Mungu mwingine" chini ya Muumba wa vyote. Katika utetezi wake anasema Wakristo wanamheshimu Mwana katika nafasi ya pili, na Roho wa unabii katika nafasi ya tatu. Tertuliani wa Karthago, huyohuyo aliyewapa Walatini neno *trinitas*, ameandika mahali pengine kwamba kulikuwa na wakati ambapo Mwana hakuwako. Origene anafundisha kwamba Mwana anazaliwa na Baba milele yote, halafu katika kitabu chake juu ya sala anasema sala yenyewe ielekezwe kwa Baba peke yake, kwa njia ya Mwana. Karne ya nne pande zote mbili zilichota kwake.

Na walikuwako waliomwona Yesu kuwa mwanadamu aliyeteuliwa. Waebioni, Wayahudi waliomfuata Yesu na kushika Torati. Theodoto wa Bizanti, fundi wa ngozi, aliyetengwa na Papa Viktori mwishoni mwa karne ya pili. Upande wa pili kulikuwa na waliosema mwili wake ulikuwa kivuli tu, ndiyo maana 1 Yohana inakazia kwamba Yesu Kristo "amekuja katika mwili". Na Sabeli akasema Baba, Mwana na Roho ni majina matatu ya yule yule mmoja.

Kwa hiyo shangazi, usimwambie kwamba wote waliamini sawasawa tangu Pentekoste. Si kweli, na atakapogundua atakuhesabu wewe pamoja na waliomficha. Mwambie walimsujudia mapema sana, lakini kueleza inawezekanaje kumsujudia na bado kusema Mungu ni mmoja kuliwachukua miaka mia tatu ya kugombana. Ningekuwa mimi ningemsomea 1 Wakorintho 8:6. Mungu mmoja aliye Baba, na Bwana mmoja Yesu Kristo, ambaye kwa yeye vitu vyote vimekuwapo. Paulo amechukua "Sikiza, Israeli" ya Kumbukumbu la Torati 6 akamtia Yesu ndani yake. Ugomvi wote uliofuata umo ndani ya mstari huo.

Mtu wa Pwani

Asalaam aleikum. Mimi ni Muislamu, na Isa bin Maryam kwangu ni mtume, amani iwe juu yake. Sikuja kubishana na mama katika uzi wake. Nina mawili tu.

La kwanza, vijana wengi wanamtaja Ario kana kwamba alikuwa anasema maneno yetu. Sivyo. Kwa Ario, Mwana alikuwako kabla ya ulimwengu, na ulimwengu uliumbwa kwa yeye. Alichokataa ni kwamba Mwana hana mwanzo. Kwa hiyo pale Nisea hapakuwa na upande uliokuwa ukisema ni mwanadamu tu. Kijana akitaka kusimama na Ario, ajue anasimama wapi.

La pili, swali hili la Neno la Mungu lina jirani yake kwetu. Mwaka 833 Khalifa al-Ma'mun alianza kuwahoji wanazuoni wakiri kwamba Qur'ani imeumbwa. Imam Ahmad bin Hanbal alikataa, akafungwa, na chini ya al-Mu'tasim akachapwa viboko. Tulisimama mahali tofauti na ninyi, lakini babu zetu nao walilia juu ya swali la kama Maneno ya Mungu yana mwanzo. Usimwone kijana wako amepotea kwa sababu linamnyima usingizi. Mpikie, mkae, mzungumze.

Mkalimani

Shangazi, kuna jambo la lugha ambalo hakuna aliyeligusa. Maneno yale yanayomfunga mdomo, "mwenye umungu mmoja na Baba", ni tafsiri ya neno moja la Kigiriki, *homoousios*. Halimo katika Biblia, na hata maaskofu waliolikubali liliwatia mashaka, kwa sababu lilikuwa na historia mbaya: lilikwisha kutajwa katika kesi ya Paulo wa Samosata, aliyevuliwa uaskofu Antiokia mwaka 268. Walilichukua kwa kuwa kila aya ya Maandiko waliyoiweka mezani, wafuasi wa Ario waliweza kuikubali kwa maana yao.

Na hawakuelewana hata baada ya hapo. Wengine walisema *hypostasis* moja wakimaanisha umungu mmoja, wengine wakasema *hypostasis* tatu wakimaanisha Baba, Mwana na Roho. Wakaitana wazushi. Mwaka 362 Atanasi aliitisha sinodi Aleksandria, wakawauliza wa kila upande wanamaanisha nini, wakakuta kumbe wanaamini jambo moja kwa maneno yanayopishana. Mimi naipenda sinodi hiyo kuliko mitaguso mikubwa. Mzee aliyefukuzwa mara kadhaa kwa ajili ya neno anakaa chini kumsikiliza mtu asiyelitumia kama yeye.

Sisi tunasema "nafsi tatu". Lakini nafsi kwa Mswahili ni yule mtu mwenyewe na moyo wake, kwa hiyo mtoto akisikia nafsi tatu anaona watu watatu wamekaa kwenye benchi. Labda na kijana wako anaona hivyo, na anachokikataa ni lile benchi. Mfano wa mafiga unalileta tena, nakuomba uuache. Atanasi alipenda mfano wa jua na mwanga wake: jua halijawahi kuwako bila kuangaza, na mwanga hautoki kwingine.

Shangazi Mlezi

Nimewasoma wote, wengine mara mbili. Mungu awabariki, na wewe wa Pwani nimekuombea.

Jana usiku nilimwambia kwamba kuhusu Yustino na Tertuliani alikuwa sahihi. Alishtuka. Tukasoma ile habari ya Plinius, akakaa kimya muda mrefu, akasema hakuwahi kusikia juu ya wale wanawake wawili. Halafu akanifungulia Mithali 8:22 akasema mahali fulani imeandikwa Hekima "aliumbwa". Biblia yangu inasema "Bwana alikuwa nami katika mwanzo wa njia yake". Kipi ni sahihi?

Kibatari

Neno la Kiebrania, *qanah*, linaweza kuwa kupata, kumiliki, au kuumba. Tafsiri ya kale ya Kigiriki iliandika "aliniumba", na hiyo ndiyo Biblia waliyokuwa nayo Ario na Atanasi wote wawili. Wote wawili waliona Hekima wa aya hiyo kuwa ni Kristo. Ario alijenga hoja juu yake, na Atanasi akatumia kurasa nyingi sana kuijibu. Kijana amegusa aya iliyokuwa nzito kuliko zote katika ugomvi ule. Mwambie nimemsifu.

Shangazi Mlezi

Nimemwambia. Leo tumetoka Misa. Kwenye maneno yale bado alinyamaza, na safari hii nilisema polepole ili nisimpite sana. Jioni amesema anataka kusoma mwenyewe alichokiandika Atanasi juu ya ile aya, na ameniomba tusome pamoja kabla hajarudi chuo Alhamisi. Padri ameahidi kututafutia.