Wakala alituambia Uingereza haihitaji bima ya safari, sasa familia inadaiwa paundi 14,000

Ndugu wanajamvi, naandika nikiwa na hasira, ila nitajitahidi kuyaeleza mambo kama yalivyotokea ili mwenye mzazi anayejiandaa kusafiri asitumbukie tulikotumbukia sisi.

Mwaka jana mama yetu, mwenye umri wa miaka 67, alialikwa na dada yangu anayeishi Leicester, England, ili akamsaidie baada ya kujifungua. Kazi ya kujaza fomu za viza na kukata tiketi tulimkabidhi wakala mmoja hapa Dar es Salaam, ambaye simtaji jina kwa sababu sitaki uzi huu ufungwe. Nilipomuuliza kuhusu bima ya safari alinijibu kwa ujumbe ambao bado ninao kwenye simu: "Kaka, bima ni ya Schengen. Uingereza hawaiombi, na hospitali za kule ni bure." Schengen ni zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Nilimwamini, kwa kuwa hata dada alikuwa akimpeleka mtoto wake mkubwa kwa daktari wa mtaa bila kutoa hata senti.

Sasa sikilizeni hiyo "bure" ilivyo. Kule England, kumwona daktari wa mtaa hakulipiwi, na kuhudumiwa kwenye kitengo cha dharura hakulipiwi pia. Hesabu inaanza pale mgonjwa anapolazwa wodini. Dada hatumiwi bili kwa sababu alikwishalipa ada ya afya pamoja na viza yake ya kazi, paundi 1,035 kwa kila mwaka. Mama aliingia kwa viza ya matembezi, ambayo haina ada hiyo, na mgeni wa namna hiyo akilazwa hutozwa asilimia 150 ya gharama ambayo NHS, yaani huduma ya afya ya umma ya kule, imejipangia kwa tiba husika. Wakala anayepeleka watu Uingereza kila mwezi hana udhuru wa kutolijua jambo hili.

Wiki ya tatu mama aliteleza bafuni akiwa na ndala zake alizotoka nazo nyumbani, akavunjika nyonga. Madaktari siwalaumu hata kidogo, kwani walimfanyia upasuaji kesho yake bila kudai fedha kwanza. Siku mbili baadaye, akiwa bado ana dripu mkononi, alifika mtumishi mwenye fomu, akauliza pasipoti, aina ya viza na kama mgonjwa ana bima. Mama, ambaye Kiingereza chake ni cha salamu, alidhani anaandikiwa chakula, akamwambia dada amwombee uji mwepesi usio na sukari. Dada anasema hapo ndipo alipotoka nje ya wodi kwenda kulia. Bili ilikuja kwa posta: paundi 14,000 na ushee, yaani zaidi ya shilingi milioni 40.

Na msidhani ukishapanda ndege deni linabaki huko huko. Deni la NHS likifika paundi 500, likakaa miezi miwili bila kulipwa wala kuwekewa makubaliano ya kulipa kidogo kidogo, taarifa zake hufika idara ya uhamiaji ya Uingereza, na mhusika anaweza kunyimwa viza atakapoomba tena. Kwa hiyo tunalipa kila mwezi, ndugu watano tukichangishana kwenye kundi la WhatsApp lililoanzishwa kwa ajili ya harusi. Hapo sijagusa tiketi iliyobidi ibadilishwe, cheti cha daktari ambacho shirika la ndege lilikidai kabla ya kumpakia, wala nauli ya dada aliyelazimika kumsindikiza. Mambo ambayo bima nzuri ya safari huyabeba pamoja na matibabu.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba wakala huyu huyu alinishughulikia safari ya Ujerumani miaka miwili kabla, na bima ilikuwa karatasi ya kwanza kuingia kwenye faili, kwa sababu nchi za Schengen hudai kinga isiyopungua euro 30,000 kabla ya kutoa viza ya muda mfupi. Kwake bima ni sawa na picha ya pasipoti: ubalozi usipoiomba, basi hata ugonjwa hautatokea. Ajabu ni kwamba hapa hapa kwetu, Zanzibar, mgeni kutoka nje ya nchi analazimika tangu Oktoba 1, 2024 kukata bima ya dola 44 inayomlinda kwa siku 92. Mgeni wetu tumemfikiria, mama zetu tunawapakia na dua tu.

Baada ya mkasa nilikwenda kwenye kampuni ya bima kuuliza, kwa uchungu tu, mtu wa umri wa mama angelipa kiasi gani kwa miezi mitatu. Haikufika nusu ya nauli. Yule binti wa dirishani alinitahadharisha pia kwamba shinikizo la damu la mama lingepaswa kutajwa kwenye fomu, maana ugonjwa uliofichwa huwa sababu ya kwanza ya kukataliwa fidia, na kwamba bima hukatwa kabla ya kuondoka, si mtu akiwa tayari amelazwa.

Nimemwandikia wakala mara nne. Mara ya kwanza alinipa pole, mara ya pili akasema yeye ni wa tiketi tu, kisha akanyamaza. Jana ameweka tangazo jipya: "Viza ya Uingereza, hakuna mlolongo wa bima." Niliandika chini yake kiasi tunachodaiwa. Maoni yangu yamefutwa, tangazo bado lipo.