Naomba ushauri: nikipunguza meshi, mkazo unazidi kupanda

Kijana wa Pongwe
Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za leo. Karakana yetu hapa Tanga imepewa kazi ya kutengeneza mkono wa kunyanyulia marobota ya mkonge ghalani. Robota moja ni kilo 250, mteja anataka mawili kwa mpigo. Mkono ni bomba la mraba la mm 100 kwa 100, unene mm 6, umetokeza mita 1.2, umechomewa kwenye bamba linalofungwa kwa bolti kwenye nguzo. Chuma ni cha kawaida, cha MPa 250, yaani mkazo ukipita hapo kinapinda na hakirudi.

Naupima mkono kwa programu ya kompyuta inayougawa vipande vidogo viitwavyo elementi na kukokotoa mkazo, yaani nguvu kwa eneo, katika kila kimoja. Kinachonisumbua ni meshi, yaani wavu wa vipande hivyo. Kwa elementi za mm 10 mkazo wa juu kabisa ulikuwa MPa 142, nikafurahi. Kwa mm 5 ukawa 190. Kwa mm 2.5 ukafika 258, yaani chuma kimeshashindwa. Kila mara ni palepale, bomba linapokutana na bamba. Nilipojaribu ndogo zaidi kompyuta ikakwama usiku kucha. Nimpe mteja jibu lipi? Watu watafanya kazi karibu na mzigo huo, sitaki kubahatisha.

Mzee wa Ngamiani
Marahaba mwanangu. Chukua karatasi kwanza. Kilo 500 ni kama newton 4,905, zidisha kwa mm 1,200, kisha gawa kwa moduli ya bomba lako, yaani kipimo cha umbo lake kustahimili kupindwa, ambayo ni takriban milimita za ujazo 66,700. Unapata MPa 88. Hiyo ndiyo kazi ya mzigo wenyewe.

Ile 258 imeletwa na kona. Umechora kona ya ndani iliyo kali kabisa, na kihesabu mkazo wa kona ya namna hiyo hauna kikomo. Kila ukipunguza ukubwa wa elementi unaisogelea kona, na namba inakua. Haitatulia hata ukikesha wiki nzima. Hebu niambie, ncha ya mkono inashuka kiasi gani? Kwa hesabu ya karatasi ni mm 4.2.

Kijana wa Pongwe
Mzee, programu inatoa 3.4 kwa meshi ya mm 10, na 3.9 kwa mm 2.5.

Binti Chumbageni
Basi una matatizo mawili, kaka. Bila shaka unatumia tetra za nodi 4, yaani elementi za piramidi ya pembetatu zenye pointi za hesabu kwenye ncha nne tu. Hizo zikipindwa huwa ngumu kupita chuma chenyewe, ndiyo maana mkono haushuki inavyotakiwa. Weka za nodi 10, au kwa ukuta mwembamba kama huo tumia elementi za sheli, yaani za bapa zinazopewa unene kwa namba.

Halafu usipunguze meshi kote. Ukigawa ukubwa nusu, idadi inazidi mara nane, kompyuta lazima ilemewe. Ifanye ndogo karibu na weldi tu.

Kwa kuwa mzigo utapanda na kushuka kila siku, weldi iangalie kwa uchovu wa chuma, yaani kupasuka taratibu kwa mzigo unaojirudia. Usisome mkazo kwenye ukingo wa weldi wenyewe. Soma mkazo ukiwa mbali na ukingo kwa 0.4 ya unene, kisha kwa unene mzima, kwako ni mm 2.4 na mm 6. Zidisha wa kwanza kwa 1.67, toa wa pili mara 0.67, upate mkazo wa kukagulia weldi.

Kijana wa Pongwe
Nimerudi. Kwa nodi 10 ncha inashuka mm 4.2, meshi yoyote ile! Kwenye mm 2.4 nimesoma 104, kwenye mm 6 nimesoma 98, kwa hiyo napata MPa 108. Nimepunguza meshi tena, haikusogea. Ahsante sana dada, na wewe mzee wangu.

Fundi Weldi
Hongera, ila usitume bado. Bamba umelishika kama limefungwa kwenye mwamba. Nguzo ikiwa bomba la ukuta mwembamba, uso wake utabonyea kabla mkono haujafanya lolote. Iweke nguzo na bolti kwenye modeli. Na hiyo kilo 500 ni ya mzigo uliotulia: ongeza uzito wa winchi na mshtuko wa mnyororo unapokaza.

Kijana wa Pongwe
Nguzo ina ukuta wa mm 5, fundi. Naanza upya usiku huu.